Milimita za Kwandu

1

Asubuhi ya Jumatano Kwandu alikuwa na urefu wa mita moja, sentimita sitini na mbili na milimita nne. Milembe aliusoma, akaukandamiza ubao taratibu mpaka ukapenya misuko na kugusa fuvu, akausoma tena, ndipo akaandika. Kampuni iliwahi kuleta kipimo cha mwanga, kizuri kwa macho, lakini nywele za kusuka zilikichezea wiki nzima. Mtu leo mrefu, kesho akifumua anakuwa mfupi kama aliyekatwa kwa msumeno. Wakarudi kwenye mti wa kupimia wenye ubao wa kuteremka, wakatafuta mtu mwenye subira. Milembe alikuwa na cheti cha darasa la saba, na subira ya kutosha mgodi mzima wa Luhumbi.

"Shusha pumzi, dada."

"Nimeshusha."

"Visigino vishike mti."

"Visigino vyangu vinashika mti tangu wewe hujajua kusoma namba," Kwandu, dada mtu, alimjibu, akijikaza kitenge kiunoni. "Andika niende. Kuli wangu ananingoja."

Makuli ndivyo walivyoyaita malori ya mgodi. Yalikuwa makubwa kama nyumba ya vyumba vinne, hayana kibanda cha dereva wala kioo cha mbele, yakishuka na kupanda barabara ya mzunguko ndani ya shimo ambalo mtu akisimama chini huonekana kama punje ya ulezi. Madereva wake hawakuwa humo. Walikaa kilomita tatu mbali, kwenye ukumbi wenye viti ishirini na vinne na skrini ishirini na nne. Mwanzoni waliendesha kwa skrini tu, na ndani ya mwaka mmoja malori manne yakatumbukia. Vumbi lilificha njia, na kamera haikuweza kujua kwamba udongo chini ya gurudumu umelegea. Ndipo vikaletwa viti hai. Kila mtetemo uliolipata lori kule shimoni, kiti kiliuleta ukumbini vilevile ulivyo, ukapanda kwenye makalio, ukapita pingili kwa pingili hadi shingoni, na dereva akaijua barabara kama anavyozijua ngazi za nyumbani kwake. Tangu hapo halikuanguka lori hata moja.

"Macho yanaongopewa," alisema Mhoja, dereva wa kiti cha tisa, aliyekuwa nyuma ya Kwandu kwenye foleni. "Makalio hayaongopewi. Bi Rula, nipime haraka, makalio yangu yameitwa kazini."

Bi Rula lilikuwa jina walilompa Milembe, naye alishalizoea.

"Vua viatu kwanza, kaka Mhoja. Na soksi."

"Soksi nayo ina urefu?"

"Yako ina harufu."

Foleni ikacheka mpaka mwisho wa korido, na Mhoja akavua soksi akicheka kuliko wote.

Kazi yenyewe Milembe alifundishwa na Mhandisi Koku, mama mwembamba wa Bukoba aliyesimamia viti vyote. Siku ya kwanza Koku alimkalisha kantini, akachovya andazi kwenye chai.

"Kati ya pingili na pingili za mgongo kuna kijimto," alisema. "Kimejaa majimaji kama andazi hili. Ukikaa, kinakamuliwa, unapungua urefu kidogo. Ukilala, kinanywa tena, asubuhi umerudi. Wewe, mimi, kila mtu. Sasa mtetemo wa kiti unakikamua zaidi." Akalibana andazi, chai ikamtoka vidoleni. "Likikamuliwa hivi na kuachwa linywe, hakuna neno. Likikamuliwa kupita kiasi, siku baada ya siku?" Akabana tena. Andazi likachanika, kipande kikaanguka mezani.

"Na mtu hawezi kuliona hilo kwa macho," Milembe alisema.

"Hawezi. Ila ubao wako unaweza."

Kwa hiyo kila dereva alipimwa saa moja asubuhi kabla ya kukaa, na saa saba mchana baada ya kutoka. Aliyepungua zaidi ya milimita kumi na mbili alitiwa alama. Alama tatu ndani ya mwezi, unatoka kitini. Madaftari ya Milembe yalikuwa yamefika matatu, ya miaka mitatu, na tangu mwezi wake wa kwanza kazini hakuna aliyepita tisa.

Mchana huo Kwandu alipimwa tena. Alikuwa amepungua saba.

"Umeona?" alisema Koku, aliyekuwa amesimama mlangoni, uso wake unang'aa kama aliyepata mjukuu. "Nimetoka kuongea na makao makuu. Wamesoma madaftari yako yote, Milembe. Miaka mitatu bila mgongo hata mmoja kuharibika! Kuanzia Jumatatu zamu ya saa sita kwa siku inakuwa ya saa kumi. Na wanataka kupeleka viti hivi migodi mingine. Kwa ajili ya mwandiko wako, binti."

Milembe alitabasamu, maana alisifiwa. Lakini alipofunga daftari aliona alama ya kidole pembeni mwa ukurasa, nyekundu ya kutu. Akafunua ukurasa wa nyuma. Nyingine. Akafunua wa mwezi uliopita. Madereva walitia sahihi mchana tu, baada ya zamu, na kila penye sahihi palikuwa na kutu.

Usukani wa viti ulikuwa wa plastiki. Ukumbini hapakuwa na chuma cha kushika. Milembe alikaa na jambo hilo jioni yote, akilitazama kama mtu anayetazama chungu anajua kuna kitu ndani, ila hakifunui kwa pupa.

2

Alhamisi, saa saba ilipokaribia, hakungoja chumbani kwake.

Chumba cha kupimia kilikuwa mwisho wa korido. Madereva wakitoka ukumbini walipitia kwanza vyumba vya kubadilishia nguo, wanawake kushoto, wanaume kulia, wakavua sare na kunawa uso, ndipo wakamjia. Jengo lilijengwa hivyo na hakuna aliyewahi kulifikiria. Milembe alisukuma mlango wa wanawake.

Bomba la maji, zee, limeliwa na kutu, lilipita chini ya dari kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Wanawake watano walikuwa wamelishika kwa mikono miwili, wananing'inia kama nguo zilizoanikwa. Wengine watano walikuwa wamepiga magoti chini, wamewashika wenzao vifundo vya miguu, wanawavuta.

"Mia moja na kumi na nne, mia moja na kumi na tano..."

Ng'ambo ya ukuta wanaume nao walihesabu, sauti ya Mhoja ikiongoza kama mwalimu wa chekechea.

Kwandu alikuwa wa tatu kwenye bomba. Alimwona mdogo wake, akaachia. Mguu wa kulia ulitua vizuri. Wa kushoto ulijikunja kama si wake, akajishika ukutani.

"Tangu lini?" Milembe aliuliza.

Hesabu ilikufa.

"Tangu mwaka ule Mhoja alipotiwa alama mbili mfululizo," alisema Kwandu. "Akawa amebakiza moja. Siku ya tatu alibembea kwenye bomba lao akifanya utani wake, akaja kwako, akapima tisa. Basi, tukaona. Ukihesabu mia mbili, unavutwa miguu, vijimto vinafunguka kidogo. Vinatosha kukufikia wewe."

"Mnajiongopea."

"Hatujiongopei. Tunaliongopea daftari."

"Daftari ni mimi, dada!"

Mwanamke mmoja alianza kufunga kilemba chake, akakifungua, akakifunga upya.

Kwandu alimvuta mdogo wake koridoni. Alikuwa amemzidi miaka kumi na mmoja, na tangu mama yao afariki ndiye aliyekuwa akimkagua masikio kabla ya shule, ndiye aliyemwombea kazi hii kwa Mhandisi Koku, akaapa kwamba mtoto huyu hata umpe kuhesabu mchanga atauhesabu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Najua unavyoniangalia. Usiniangalie hivyo."

"Mguu wako una nini?"

"Una ganzi. Inakuja na kuondoka."

"Inaondoka lini?"

"Mimi ni dereva. Ndicho ninachokijua. Nikitolewa kitini, nani atampokea dereva mwenye mguu uliokufa? Ukiandika uliyoyaona, umenitoa kwa mkono wako. Mimi, na Mhoja, na nusu ya hawa."

"Nisipoandika, Jumatatu mnakaa saa kumi."

"Tutaning'inia mara mbili."

Aliisema kama mzaha, na walipotazamana ikaacha kuwa mzaha. Kisha Kwandu akarudi ndani kunawa mikono.

Dakika kumi baadaye walikuja mmoja mmoja chumbani, peku, bila maneno. Mhoja hakutania soksi. Kwandu alisimama kwenye mti. Ubao ukashuka. Nane.

Milembe alijua kwamba nane si nane. Kalamu ilikaa juu ya mstari muda mrefu kuliko siku zote. Mkono wake ukaandika nane, na usiku wote shingo ilimuuma kana kwamba yeye ndiye aliyekalia kiti.

3

Ijumaa saa nne asubuhi Milembe alikikuta kitenge cha Kwandu kwenye ndoano ya chumba cha kupimia. Madereva wote walijifunga kitenge kiunoni, kimekunjwa mara nne na kukazwa hadi pumzi inakuwa fupi, maana bila hicho kiuno kilikuwa kama kinataka kuachana na mtu. Kwandu hakuwahi kusahau chake. Milembe alikichukua, akaenda ukumbini.

Ndani kulikuwa na mngurumo wa chini chini, viti ishirini na vinne vikitetemeka kila kimoja kwa barabara yake. Shingo zote zilikuwa zikitikisika pamoja na viti. Kwandu alikuwa kiti cha saba, anaimba kwa sauti ndogo, lori lake tupu linashuka ukingoni kushoto mwa shimo.

"Nyanyua mikono nikufunge."

"Ahsante, mama yangu. Nilikuwa naona nakatika."

Milembe akapitisha kitenge, na hapo macho yake yakaangukia kirungu cha nguvu, kile cha kuongeza na kupunguza mtetemo. Kilikuwa na namba moja hadi kumi. Koku aliagiza kisipite tatu. Cha Kwandu kilikuwa nane.

"Dada, nane?"

"Ndiyo ninayoisikia. Nilianza na tatu. Ikawa kimya. Nikaweka tano, nikaisikia wiki mbili, ikanyamaza." Kwandu alizungusha usukani kidogo, bado anatazama mbele. "Ukizoea pilipili unaongeza pilipili."

Milembe aliegemeza kiganja nyuma ya kiti ili afunge fundo kwa mkono mwingine, na kiganja kikasikia kitu.

Juu kulikuwa na mngurumo wa injini, wa haraka, kama wa mashine ya kusaga. Chini yake kulikuwa na kingine. Kilikwenda polepole, tu-tu-tu-tu-tu, kama mtu aliye ndani ya ukuta anagonga kwa ngumi iliyofungwa nguo. Hakikuwepo alipoweka mkono, sasa kilikuwepo, na kilikuwa kinakua.

"Dada, hii nini inayogonga?"

"Ipi?"

"Hii! Hii hapa chini."

"Sisikii kitu."

Kiti kilikuwa kwenye nane. Mwili mzima wa Kwandu ulikuwa juu yake, na hakusikia kitu. Milembe akatazama skrini. Chini ya barabara ile, hatua kama mia hivi kwenye mteremko, watu wa pampu walikuwa wanavuta mpira wa maji kwenye tope, maana hiyo ndiyo kazi pekee shimoni ambayo bado ilihitaji miguu ya watu. Makoti ya rangi ya machungwa. Alihesabu kumi na mmoja bila kutaka.

"Simamisha! Dada, simamisha!"

Kwandu hakuuliza. Alikanyaga breki kwa mguu wa kulia, wenye uhai. Lori lilisota, likasimama, na mbele ya gurudumu lake ukingo wa barabara ukamegeka kama ugali, ukashuka polepole, kisha kwa kasi. Makoti ya machungwa yakatawanyika. Vumbi likafunika kila kitu.

Ukumbi wote uliacha kutetemeka. Vumbi lilipopungua, Milembe akahesabu tena, kidole kwenye skrini. Tisa. Kumi. Wa kumi na moja alitokea nyuma ya pampu, amepoteza kofia, anatukana kwa mikono yote miwili.

Koku aliingia mbio, kalamu bado sikioni. Aliangalia skrini, akamkumbatia Kwandu pale pale kitini.

"Watu kumi na mmoja, Kwandu! Kumi na mmoja!" Akawageukia wengine. "Mnaona kwa nini siwezi kukichuja kiti? Kila siku mnaniuliza, Mhandisi, tuondolee huu mtetemo wa polepole, ndio unaotuua. Ni kweli, mitetemo ya mara tano kwa sekunde ndiyo mibaya, kwa sababu kiwiliwili nacho kinatikisika hivyo hivyo kwa asili yake, vikikutana vinaongezana. Lakini ardhi inapotaka kumomonyoka nayo inasema kwa mwendo huo huo. Nikiuchuja, migongo itapona, na wale kule chini watafukiwa. Leo kiti kimesema na dereva amesikia."

Madereva wakapiga makofi. Mhoja alipiga mluzi. Kwandu alikaa ameshika usukani wa lori lililosimama, haonyeshi meno. Alimtazama mdogo wake, akainamisha macho.

Milembe akatoka ukumbini. Kiganja bado kilikuwa kinawasha.

4

Hakulia. Alifika chumbani kwake, akaketi, akaweka madaftari matatu mezani, akayatazama. Jambo lilikuwa wazi kama chai isiyo na maziwa. Kiti kiliwekwa ili dereva asikie. Kiti chenyewe kilimfanya dereva asisikie. Na kitu pekee ambacho kingewaonyesha watu kwamba dereva haisikii tena ardhi kilikuwa hiki hapa, mwandiko wake mzuri, na kilikuwa uongo. Leo kiganja chake kilipita pale kwa sababu ya kitenge kilichosahauliwa. Jumatatu, katika saa ya tisa ya zamu, nani angekuja kufunga kitenge?

Halafu akamfikiria Kwandu. Aliufikiria mguu ule uliojikunja. Alifikiria masikio yake yakikaguliwa mlangoni, asubuhi za baridi, kwa kucha ya kidole kidogo iliyofugwa kwa kazi hiyo.

Akainuka, akaenda karakana.

"Naomba spana namba kumi na tisa."

"Ya nini, Bi Rula?" fundi aliuliza.

"Ya kupimia."

Mti wa kupimia ulikuwa umefungwa sakafuni kwa nati nne. Mbili zililegea upesi. Ya tatu ilimchuna ngozi ya kidole. Ya nne ilikataa kabisa, akaipanda spana kwa miguu miwili, akarukaruka juu yake mpaka ikalia na kuachia. Mti ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Aliuburuta koridoni, akapita chumba cha wanawake, akapita cha wanaume, akausimamisha ndani ya ukumbi, hatua nne kutoka mlangoni, mahali ambapo hakuna ambaye angeweza kutoka bila kuupita. Akauweka sawa kwa timazi, akaupima kwa kipande chake cha chuma cha kujaribia. Akafungua daftari la nne, jipya. Ilikuwa saa saba kasoro dakika mbili.

Kengele ikalia. Viti vikanyamaza. Madereva wakainuka mmoja mmoja, wameshika viuno, na wakasimama walipouona.

"Bi Rula," Mhoja alisema, "mti umetembea?"

"Umetembea, kaka Mhoja. Kuanzia leo unapimwa hapa. Ukitoka kitini, unavua viatu, unapima. Bafuni utakwenda baadaye."

"Wewe!" mwanamke mmoja wa nyuma alipaza sauti. "Unataka kutufukuzisha? Tumekukosea nini?"

"Huyu mtoto ametumwa!"

"Mgongo ni wangu, unakuhusu nini?"

Walimzunguka. Milembe alikuwa mfupi kuliko wote, na mikono yake ilikuwa na grisi. Aliushika mti kwa mkono mmoja, akangoja. Hakuna aliyejua kungoja kama yeye. Kelele zilipanda, zikashuka, na aliyefika mwisho alikuwa Koku.

"Nani amekuruhusu kuung'oa mti?"

"Hakuna, Mhandisi. Nilikuwa napimia mahali pasipofaa. Miaka mitatu. Namba za mchana zote si za kweli." Aliyainua madaftari matatu. Juu ya kila jalada alikuwa ameandika kwa kalamu nene: *Nilipima watu baada ya kuning'inia bombani. Msitumie. Milembe.*

Koku alisoma jalada la kwanza, la pili. Hakusoma la tatu. "Kuning'inia," alirudia, kama neno geni.

"Mhandisi," Milembe alisema, na sauti yake haikupanda, "wewe ulinifundisha kwa andazi. Nipe ruhusa nipime leo tu. Kama nimekosea, nitaurudisha mti na kuufunga mwenyewe."

Hakuna aliyesogea. Kila aliyekuwepo alijua kwamba atakayesogea kwanza amekwisha.

Kwandu alitoka kwenye kundi. Alivua viatu polepole, kimoja kimoja, akiegemea bega la Mhoja. Alivua kitenge kiunoni, akakikunja, akampa Mhoja ashike. Akauegemea mti.

"Shusha pumzi, dada."

"Nimeshusha."

"Simama wima."

"Milembe," Kwandu alisema taratibu, "huu ndio wima wangu."

Ubao ukashuka. Milembe akausoma mara ya kwanza, akaukandamiza, akausoma tena. Alitamani macho yake yawe mabovu.

"Mita moja, sentimita sitini, milimita tano," alisema kwa sauti ya kufika nyuma. "Umepungua kumi na tisa."

"Andika."

Akaandika.

"Na uandike hili pia," Kwandu alisema, bado ameegemea mti, akimtazama Koku. "Asubuhi mimi sikusikia kitu. Kirungu changu kilikuwa nane, nami sikusikia. Aliyesikia ni huyu mtoto, kwa kiganja, anafunga kitenge. Mmenipigia makofi ya bure."

Mhoja akakiweka kitenge begani, akainama, akaanza kuvua soksi.

"Nipime, Bi Rula. Ila usitangaze kwa sauti hiyo, mke wangu akisikia atadai aliolewa na mtu mrefu." Alijaribu kucheka, ikamkatikia njiani. "Kirungu changu nacho kiko saba. Tangu mwezi wa tatu."

"Mimi sita," mwingine alisema.

"Tisa." Alikuwa yule mwanamke aliyepaza sauti. Alikuwa analia kwa hasira, na viatu alikuwa amevishika mkononi.

Foleni ikajipanga yenyewe. Kumi na tano, kumi na saba, kumi na moja, ishirini na moja. Koku alisimama kando ya daftari akiona namba zinavyoshuka chini ya ukurasa. Walipofika wa ishirini na nne, alivuta kiti cha kawaida, akakaa.

"Kwa kanuni yangu mwenyewe," alisema, "natakiwa niwatie alama watu kumi na wanane. Siku mbili zaidi za hivi, nitabaki na sita. Nani ataendesha?"

"Kwa saa kumi, hakuna," Milembe alijibu bila kuinua uso. "Kwa saa mbili mbili, kwa kupokezana, na kirungu kwenye tatu, pengine wapo. Wewe ndiye unayejua hesabu hiyo. Na watu wa pampu wasishuke mpaka uijue."

"Makao makuu watasema nini?"

"Wapelekee daftari hili. Kama yale mengine waliyasoma haraka, basi na hili watalisoma."

Koku alitazama kiganja cha Milembe, chenye grisi na kidole kilichochunika, kilichokaa juu ya ukurasa. "Hebu niambie," alisema. "Ulipoweka mkono pale nyuma, ulikisikia wazi? Au ulihisi tu?"

"Kama mtu anagonga mlango."

"Kiganja, badala ya mgongo," Koku alisema peke yake. Akatoa kalamu sikioni, akachora mstari kwenye kipande cha karatasi, akaukata. "Mkono nao huchoka, nao una magonjwa yake. Siahidi kitu." Akachora tena. Kisha akachukua simu, akapiga shimoni, akaagiza watu wa pampu wapande wote.

Saa tisa ukumbi ulikuwa mtupu. Milembe alifunga daftari la nne, akaenda chumba cha wanawake kuosha grisi. Kwandu alikuwa humo peke yake, amekaa kwenye benchi chini ya bomba, kitambulisho chake cha udereva kimelala karibu naye.

Milembe alianza kusugua grisi mikononi. Maji yalitiririka.

"Umeniondoa kitini," Kwandu alisema hatimaye.

"Nimekuondoa."

"Jumatatu utakuwa wapi?"

"Pale pale mlangoni. Na Jumanne."

Kwandu alitikisa kichwa kama aliyekuwa akitegemea jibu hilo na kuliogopa. Alipanda juu ya benchi kwa shida, akashika bomba kwa mikono miwili, akaachia miguu ikaning'inia.

"Si kwa ajili ya daftari," alisema, macho kayafumba. "Daftari umeshalifunga. Nivute tu, mdogo wangu. Inauma."

Milembe akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Akashika vifundo viwili, kimoja kila mkono.

"Unaisikia mikono yangu?"

"Wa mguu wa kulia nausikia."

Milembe akakikaza kifundo cha kushoto, kidogo tu, kama anayetafuta mapigo.

"Na sasa?"

Kwandu alingoja. Hakuongopa. "Bado," alisema. "Endelea."

"Moja," Milembe akaanza, akavuta. "Mbili. Tatu."